Sheki, maziwa au chakula cha kawaida: njia ipi utaimudu kabla ya upasuaji wa kupunguza uzito?

Karatasi ya maelekezo ya mlo kabla ya upasuaji wa kupunguza uzito mara nyingi huwa na njia zaidi ya moja. Kuna ya sheki, yaani vinywaji vya unga vinavyochukua nafasi ya mlo. Kuna ya maziwa na mtindi. Kuna ya chakula cha kawaida kilichopunguzwa wanga na mafuta. Na wapo wanaochanganya: sheki mbili na mlo mmoja mdogo. Mgonjwa anaambiwa achague, naye karibu kila mara huanza kuuliza ipi inapunguza kilo nyingi. Kwa maoni yangu hilo si swali la kwanza. La kwanza ni ipi utaishika kila siku, hadi asubuhi ile unayoingizwa chumba cha upasuaji.

Kama timu yako imekuandikia njia moja tu, fuata hiyo, na kama inakushinda waambie mapema. Ulinganisho huu ni kwa aliyeachiwa nafasi ya kuchagua, au anayetaka kwenda kwa mtaalamu wa lishe akijua anaomba nini.

Mlo huu ni wa ini, si wa mizani

Upasuaji wenyewe, uwe wa kukata sehemu kubwa ya mfuko wa tumbo au wa kutengeneza kifuko kidogo na kukiunganisha na utumbo, siku hizi hufanywa zaidi kwa matundu madogo na kamera. Upande wa kushoto wa ini umelalia mfuko wa tumbo, karibu kabisa na pale umio unapoingia. Daktari hawezi kuona anachokata mpaka auinue. Kwa watu wenye unene mkubwa ini mara nyingi limejaa mafuta: ni kubwa, zito, na huchanika kwa urahisi. Likigoma kuinuka au likianza kuvuja damu, daktari anaweza kulazimika kupasua tumbo kwa mkato mkubwa, au kufunga na kuahirisha.

Ini huhifadhi wanga kwa umbo la glikojeni, kiasi cha gramu 100 hivi kwa mtu mzima, na kila gramu ya glikojeni hushikilia maji kama gramu 3. Ukibana wanga na kalori kwa siku chache, akiba hiyo hutumika na maji yake huondoka, kisha mafuta yaliyomo ndani ya ini nayo huanza kutumika. Ini hunywea kama sponji iliyokamuliwa. Ndiyo maana kilo za wiki ya kwanza nyingi ni maji, na ndiyo maana pia mizani isiposogea siku mbili tatu haimaanishi kwamba mlo haufanyi kazi.

Utafiti uliofanyika Australia na kuchapishwa mwaka 2006 uliwapima watu 32 waliokaa kwenye mlo wa kalori chache sana kwa wiki 12. Ini lilipungua kwa wastani wa karibu asilimia 19, na asilimia 80 ya upungufu huo ilipatikana katika wiki 2 za mwanzo. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini timu nyingi huagiza wiki 2. Wanaoagiza wiki 4 au zaidi mara nyingi wana mgonjwa mwenye mwili mkubwa sana, ambaye mafuta yaliyozunguka viungo vya ndani nayo yanahitaji kupungua, na hayo huenda polepole kuliko ini.

Je, kuna faida inayoonekana mezani kwa daktari? Jaribio jingine, la mwaka 2011, liliwagawa wagonjwa karibu 300: kundi moja siku 14 za mlo wa kalori chache sana, kundi jingine hapana. Muda wa upasuaji haukutofautiana, lakini madaktari waliona kazi ya waliofuata mlo kuwa nyepesi zaidi, na matatizo ndani ya siku 30 baada ya upasuaji yalikuwa machache kwao. Naona hiyo ni sababu tosha ya kuvumilia wiki mbili.

Njia nne, kwa kifupi na kwa kirefu

Sheki ndiyo njia inayoagizwa sana. Kawaida ni 4 kwa siku, kila moja ikiwa na kalori kama 200 na protini gramu 15 hadi 20, kwa hiyo siku nzima unakuwa kwenye kalori 800 hivi na protini kati ya gramu 60 na 80. Uzuri wake mkubwa ni kwamba vitamini na madini yameshawekwa ndani. Ila si kila kopo lenye picha ya mtu mwembamba linafaa. Unga wa protini wa wanaonyanyua vyuma hauna vitamini na madini ya kutosha, na upo unga uliotengenezwa kuwanenepesha watu. Unachotafuta ni unga ulioandikwa wazi kwamba unachukua nafasi ya mlo kamili.

Ukishalipata kopo, ligeuze usome nyuma, sehemu ambayo watu huiruka. Tazama kama kalori zilizoandikwa ni za unga peke yake au za unga uliochanganywa na maziwa. Mililita 200 za maziwa yaliyopunguzwa mafuta zina kalori zisizopungua 90. Kopo likisema changanya na maji, wewe ukachanganya na maziwa kwa sababu ladha inapendeza, mara 4 kwa siku, umejiongezea kalori karibu 400. Umetoka kwenye 800 ukafika 1,200 bila kutafuna chochote. Halafu angalia kijiko kilichomo ndani ya kopo: ni kimoja au viwili kwa glasi, na kinajazwa kwa kusawazishwa au kwa mlima? Huo mlima juu ya kijiko ukirudiwa kila glasi unabadilisha hesabu yote.

Njia ya maziwa ni ya kizamani kidogo na haina mbwembwe. Timu zinazoitumia huagiza kiasi cha lita 1.7 hadi 2 za maziwa yaliyopunguzwa mafuta au yasiyo na mafuta, pengine sehemu yake ikiwa mtindi usio na sukari. Lita 1.7 za maziwa yaliyopunguzwa mafuta zina kalori 800 na kitu, protini karibu gramu 60, na wanga wa gramu 80 hivi utokanao na sukari asilia ya maziwa. Maziwa hayana nyuzinyuzi, na madini ya chuma na vitamini C yaliyomo ni kidogo mno, kwa hiyo kidonge cha vitamini na madini kila siku ni sehemu ya mlo wenyewe. Kwa gharama, hii kwa kawaida ndiyo nafuu kuliko zote, na maandalizi yake ni kufungua na kumimina.

Chakula cha kawaida ni njia inayopendwa na wengi wanapoisikia, na inayowachosha wengi wakishaianza. Unaruhusiwa kutafuna, unakaa mezani na wenzako, una sahani. Lakini sahani yenyewe ni kipande cha samaki au kuku asiye na ngozi, mboga za majani kwa wingi, mayai, mtindi kidogo, na wanga ama mdogo sana ama hakuna. Kalori ni kati ya 800 na 1,000, pengine 1,200 kwa timu zisizobana sana, na wanga wote wa siku hubanwa usizidi gramu 100 au chini ya hapo. Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina wanga wa gramu 45 hivi. Vikombe viwili na mgao wa wanga wa siku nzima unakaribia kwisha.

Mchanganyiko wa sheki mbili na mlo mmoja unaeleweka wenyewe. Nitaurudia mbele kwenye suala la muda.

Swali la njaa

Kwa njia yoyote, siku ya pili hadi ya nne ndizo ngumu. Kichwa kinauma, mwili unalegea, unasikia baridi wakati wengine wako sawa, na maneno madogo yanakukera. Mdomo unaweza kutoa harufu ya ajabu kidogo. Hiyo ni dalili kwamba mwili umeanza kutumia mafuta. Baada ya hapo wengi husema njaa inapoa.

Tofauti iko kwenye aina ya njaa. Kwenye sheki na maziwa tumbo linaweza lisilalamike sana, lakini meno yanadai kazi. Hamu ya kutafuna ni kitu halisi, na wasioitarajia hujikuta wamesimama mbele ya kabati saa 4 usiku bila hata kuwa na njaa. Timu nyingi huruhusu mboga zisizo na wanga pembeni ya sheki: tango, kabichi, mchicha wa kuchemsha. Uliza kama ya kwako inaruhusu, maana bakuli moja la mboga linaweza kuokoa jioni nzima.

Kwenye chakula cha kawaida hali ni kinyume. Mboga nyingi hujaza tumbo, kutafuna kupo, lakini kila mlo unakukumbusha ulichokiacha. Unakula nusu ya raha, na nusu hiyo huita nyingine. Kuna watu ambao kuonja kidogo huwatuliza, na kuna watu ambao kuonja kidogo huwaamsha. Unajijua uko wapi. Kama hujawahi kuweza kula biskuti moja na kufunga pakiti, njia hii inakuonea.

Supu iliyochujwa yenye chumvi kidogo ni msaada katika njia zote, hasa zile mbili za kunywa. Mwili unapopoteza maji hupoteza na chumvi, na sehemu ya maumivu ya kichwa na kukakamaa kwa misuli ya miguu hutokana na hapo. Kikombe cha moto saa 10 jioni, wakati ule ambao siku inakuwa ndefu, hufanya kazi kuliko kinavyoonekana. Wenye shinikizo la damu, moyo au figo waulize kwanza kuhusu chumvi. Maji ya kawaida yafike lita 2 kwa siku, na chai au kahawa bila sukari kwa kawaida inaruhusiwa. Usiache kahawa ghafla siku hiyo hiyo unayoanza mlo. Utachanganya maumivu mawili ya kichwa na usijue la kulaumu lipi.

Anayepika nyumbani ni nani?

Hili ndilo ningelipa uzito kuliko kalori. Mtu anayewapikia wengine mara mbili kwa siku ana vita ambavyo karatasi ya maelekezo haivitaji. Anaonja chumvi. Anakula makombo ya sahani ya mtoto ili yasitupwe. Analamba kijiko. Hakuna hata kimoja anachokihesabu kuwa chakula, na jioni anaapa kwamba hajala kitu.

Kwa mtu huyo sheki zina faida ya kuweka mpaka ulio wazi: kisichotoka kwenye glasi hakiingii mdomoni. Hakuna cha kupima wala cha kukadiria. Akiwa kwenye njia ya chakula, mpaka unafutika, kwa sababu kuku wake na kuku wa familia wako kwenye sufuria moja na tofauti ni mafuta tu. Na mafuta ndiyo mtego mkubwa wa njia hii: kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120, zaidi ya yai moja na nusu. Anayemimina kwa macho anaweza kula kalori za mlo mzima ndani ya mchicha. Ukichagua chakula, pima mafuta kwa kijiko, si kwa mkono, na mtu mwingine aonje chumvi kwa wiki hizo mbili. Familia itavumilia.

Anayeishi peke yake au anayepikiwa yuko kwenye hali tofauti. Kama kuna mtu wa kukuandalia sahani kwa vipimo, chakula cha kawaida kinakuwa rahisi ghafla.

Kazini nako kuna tofauti. Sheki ya unga na chupa ya kutikisia hukaa kwenye mkoba. Maziwa yanahitaji jokofu na watu watakuuliza maswali. Chakula kinahitaji kubebwa na kupashwa moto. Wa zamu za usiku mara nyingi huona sheki ni rahisi zaidi, kwa sababu unazigawa kwa saa unazokuwa macho badala ya kufuata majina ya milo.

Choo, gesi na mambo ambayo watu hawayasemi

Kufunga choo ni malalamiko makubwa ya sheki, na ya maziwa pia kwa baadhi ya watu. Nyuzinyuzi ni chache, kinachoingia ni kidogo, kwa hiyo kinachotoka nacho ni kidogo. Kukosa choo siku mbili si ugonjwa. Lakini kikiwa kigumu na chenye maumivu, usisubiri. Dawa za maumivu utakazopewa baada ya upasuaji nyingi nazo hufunga choo, na hutaki kuanzia pabaya. Omba unga wa nyuzinyuzi usio na sukari au dawa ya kulainisha. Katika hili chakula cha kawaida kinashinda bila ubishi, ilimradi mboga ziliwe kweli.

Maziwa yana shida yake. Watu wazima wengi duniani hawamudu sukari ya maziwa vizuri. Glasi moja kwenye chai hawaisikii, lakini lita 1.7 kwa siku ni habari nyingine: gesi, tumbo kunguruma, kuharisha. Kama maziwa huwa yanakusumbua, usijaribu ushujaa. Yapo maziwa yaliyoondolewa sukari hiyo, na yapo ya soya yenye protini inayokaribia ya maziwa ya ng'ombe. Vinywaji vya lozi au nazi vinavyouzwa kama maziwa havifai hapa, kwani protini yake ni kidogo mno, na bila protini ya kutosha mwili utakula misuli yake kuelekea siku ambayo unaihitaji.

Dawa zinaweza kukuchagulia

Hapa sipendi kuandika kwa mkato.

Mwenye kisukari anayetumia insulini, au vidonge vinavyolazimisha kongosho kutoa insulini kama glibenclamide na gliclazide, hapaswi kuanza mlo huu kwa dozi zake za kawaida. Chakula kimepungua zaidi ya nusu. Dozi ikibaki palepale sukari itashuka, na inaweza kushuka usiku ukiwa umelala. Dozi hupunguzwa kabla ya siku ya kwanza, na aliyekuandikia ndiye anayepunguza.

Njia unayochagua inaingia moja kwa moja kwenye hesabu hiyo. Maziwa yana wanga wa gramu 80 kwa siku, umegawanyika. Sahani ya samaki na mboga inaweza kuwa na wanga wa gramu 30 tu. Dozi iliyopangwa kwa maziwa inaweza kuwa kubwa mno kwa samaki na mboga. Kwa hiyo ukishaanza, usihame njia katikati kimyakimya. Piga simu kwanza.

Kisha tazama boksi za dawa zako. Zile za kisukari ambazo jina la dawa yenyewe huishia na "gliflozin" zina hatari yake: ukila wanga kidogo sana zinaweza kusababisha tindikali kujikusanya kwenye damu hata kama kipimo cha sukari kinaonekana kizuri. Kwa kawaida husimamishwa siku kadhaa kabla ya upasuaji, na timu nyingi huzisimamisha tangu mlo unapoanza. Uliza, na pata jibu la tarehe, si la "tutaona". Wanaochoma sindano za kupunguza hamu ya kula kama semaglutide nao wamwambie daktari wa usingizi, kwa sababu dawa hizo huchelewesha tumbo kumwaga kilichomo.

Wenye dawa za shinikizo la damu, hasa vidonge vya kukojosha, wanaweza kupata kizunguzungu wakisimama, kwa kuwa mlo wenyewe tayari unatoa maji. Wanaotumia warfarin wakumbuke kwamba mboga za majani zina vitamini K, na sheki nyingi zimeongezwa vitamini hiyo. Njia yoyote utakayochukua, kipimo cha kuganda kwa damu kirudiwe. Mwenye ugonjwa wa figo asichague maziwa bila ruhusa, maana lita 1.7 zina potasiamu zaidi ya gramu 2 pamoja na fosfeti nyingi. Mwenye jongo ajue kwamba kupungua haraka kunaweza kuliamsha.

Wiki 2 au wiki 4: muda hubadilisha jibu

Kwa wiki 2 mimi ningechagua sheki. Si kwa sababu zinashinda kisayansi. Mlo wa chakula wenye kalori na wanga uleule hupunguza ini pia. Ni kwa sababu zinakuondolea maamuzi. Kila uamuzi wa nile nini, kiasi gani, kwa mafuta yapi, ni nafasi ya kuteleza, na mtu aliye siku ya tatu akiwa na maumivu ya kichwa si mwamuzi mzuri.

Kwa wiki 4 jibu hilo linadhoofika. Utamu wa vanila unaovumilika siku ya tano unakuwa karaha siku ya ishirini, na wengi huanza "kuzibadilisha" kwa kuongeza ndizi, asali au kijiko cha siagi ya karanga. Hapo ndipo mchanganyiko unapostahili: sheki asubuhi na mchana, wakati una shughuli na hutaki kufikiri, kisha mlo mmoja wa kutafuna jioni. Ukiogopa mlo huo utakua na kuota mikono, anza wiki 2 za mchanganyiko na umalizie wiki 2 za sheki tupu, ili siku za karibu na upasuaji ziwe ndizo zenye mpaka mkali. Mpangilio huo uupitishe kwa mtaalamu wa lishe, wengi watakubali.

Maziwa ningempa mtu ambaye fedha inambana, tumbo lake linayamudu, figo zake ni nzima, na ana tabia ya kutochoka na kitu kimoja. Watu hao wapo. Wengine huwaona wa ajabu, lakini hupita wiki hizi mbili kama si wao.

Chakula cha kawaida ningempa anayepikiwa kwa vipimo au ambaye tayari anaandika anachokula, pamoja na yule ambaye sheki humtapisha. Pia aliyewahi kuwa na historia ya kula kupita kiasi kwa siri baada ya kujinyima. Kwa huyo glasi 4 kwa siku zinaweza kuwa chemchemi ya tatizo, na inafaa alizungumze wazi kabla ya kupangiwa njia.

Ukiteleza

Hatari kubwa kuliko zote ni karamu ya kuaga, na si lazima iwe kubwa. Inakuja na sauti ya upole: baada ya upasuaji hutakula hivi tena, basi leo tu. Ikija kabla mlo haujaanza, ni kero ndogo. Ikija siku mbili kabla ya upasuaji, ni jambo jingine, kwa kuwa siku moja ya wanga mwingi inatosha kulirudishia ini sehemu kubwa ya glikojeni yake, na maji yake pamoja nayo. Mafuta ya ini hayarudi kwa siku moja, ila uvimbe unarudi.

Njia zinatofautiana hapa pia. Anayeteleza kwenye sheki anajua ameteleza. Kipande cha keki hakifanani na glasi. Anayeteleza kwenye chakula anaweza kuteleza wiki nzima bila kujua, kijiko kwa kijiko. Kwa hiyo wa sheki hupata hatia kubwa na hujaribu kujiadhibu kwa kutokula chochote kesho yake, jambo ambalo ni baya zaidi, hasa kama anatumia dawa za kisukari. Glasi inayofuata inywewe saa yake kama kawaida, basi.

Mlo mmoja uliokupita katikati ya wiki ya kwanza hauhitaji mkutano. Ukipitwa siku nzima, au jambo likitokea ndani ya siku 3 za mwisho, mpigie muuguzi wa timu. Watu huogopa kuahirishiwa, wakanyamaza. Lakini mficha maradhi kilio humuumbua: kamera itaingia, na ini litaonekana lilivyo. Kuahirishwa kwa wiki moja ukiwa nyumbani ni nafuu kuliko kuamka na kuambiwa walifungua na kufunga bila kufanya kilichokusudiwa.

Pombe haina njia inayoiruhusu, hata ile ya chakula. Ina kalori, na kazi yake inaishia kwenye ini lilelile unalolihudumia.

Saa za mwisho

Wanaotumia sheki na maziwa hupata mkanganyiko siku ya upasuaji, kwa sababu wamezoea kuita chakula chao kinywaji. Wakiambiwa wanaruhusiwa vinywaji hadi saa 2 kabla, wanadhani sheki imo. Haimo. Kinachoruhusiwa hadi muda wa saa 2 kabla ya dawa ya usingizi, pale daktari wa usingizi anaporuhusu, ni vinywaji angavu: maji, chai au kahawa isiyo na maziwa. Maziwa na sheki huhesabiwa kama chakula, na kwa kawaida mwisho wake ni muda wa saa 6 kabla, na kwa mwenye tumbo linalomwaga polepole pengine mapema zaidi. Kwa hiyo sheki ya mwisho ipangie saa kamili tangu jana yake, na iandike.

Na usishangae ukikabidhiwa kinywaji angavu chenye sukari saa chache kabla, baada ya wiki mbili za kukwepa sukari. Baadhi ya timu hukitumia kuutuliza mwili kabla ya upasuaji, na kwa wenye kisukari huamua mmoja mmoja. Kikitoka mikononi mwa timu yako, kwa saa waliyotaja, kinywe.